Mwimo wa Mlango

Kila Alhamisi, kabla ya chai,
navaa gambuti za marehemu Mwaniki
na kuingia ziwani kupitia mlango wangu mwenyewe.
Gambuti hujaa maji. Nazivaa tu,
kwani sakafu ya jiko bado ina vigae,
na vigae havimjui mwenye nyumba.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Hawakuishi Mwariki.
Mimi sikuvua. Yalinifuata usiku, polepole, bila hata povu,
yakanikuta kitandani.

Ukuta ulikwenda, mlango ukaenda, choo kikaenda,
hicho sikukililia.
Ukabaki mwimo mmoja wa mtarakwa,
na rangi yake ya buluu.

Vijana wa idara walikuja na chuma chenye namba,
wakazunguka siku nzima wakidunga tope kwa fimbo.
Kila mahali pakayumba.
Nikawauliza, mnahangaikia nini?
Mti ule una miaka kumi na tisa, haujawahi kuinama
hata siku Mwaniki alipoupiga teke.
Wakacheka. Halafu wakaacha kucheka.
Fundi Shitanda akauchora mistari,
nyeupe kila sentimita kumi, nyekundu kwenye mita,
nami nikapewa daftari, kalamu, na namba ya kupiga.

Sokoni wanatuuliza: mtakula hizo namba?
Chelang'at hawajibu. Yeye huhesabu ndege kwa mbegu,
mbono moja kwa heroe mia,
punje ya mahindi kwa kila mwari.
Mwaka huu mahindi yamejaa mkebe.
Mbono zimebaki tatu, zinagongana mfukoni.

Gitonga, aliyekuwa akitega nyavu gizani
na kuwakimbia askari wa mbuga,
sasa huchota maji mchana kweupe,
hutumbukiza karatasi, husubiri rangi
kama mzazi anayesubiri matokeo ya mwanawe.
Zamani ziwa hili lilikaza ulimi kwa magadi.
Siku hizi, asema, limepoa,
kama mchuzi uliosahauliwa chumvi.

Na watoto, Jumamosi, hushuka na Mto Njoro,
magunia begani: chupa, nepi,
kandambili za mguu mmoja mmoja.
Hakuna anayejua zile nyingine huenda wapi.

Kuna aliyekuja na bahasha,
bwana wa viwanja, viatu havijaonja tope.
Mama, andika chini kidogo.
Futi moja tu. Nani atajua?
Niliishika. Ilikuwa nene.
Nilikuwa na deni la karo, na hilo nalo sitalidanganyia.

Lakini chini ya rangi ya Shitanda
kuna alama nyingine, za kisu.
Mwaniki alizichonga kila Krismasi,
wanangu wakibana visigino kwenye mwimo,
wakinyoosha shingo ili waibe urefu.
Shusha shingo, alikuwa akiwaambia. Mti hauibiwi.

Nikamrudishia bahasha yake
ikiwa na unyevu wa vidole vyangu.

Mwaka wa mafuriko ziwa lilimfunika
Muriithi wa darasa la tatu, nywele na yote.
Mwaka jana lilikuwa begani mwa Nyokabi wa darasa la kwanza.
Leo kiboko amelala mbali, karibu na nguzo za uzio
zilizobaki vichwa.
Nainama. Nasoma mara mbili, maana viwimbi hudanganya,
nasubiri vitulie.

Themanini na nne.

Kwa simu nasema: themanini na nne.
Kijana anarudia, anashukuru, anakata.
Kwenye daftari naongeza pembeni,
kwa herufi ndogo ambazo ofisi haitaziuliza:
Nyokabi, miaka miwili.
Alikuwa na surua Krismasi ile.
Hakutaka kusimama.